Ndiyo kwa Kila Swali

Mambo yalianza Jumanne ya tarehe 14 Januari 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, siku mbili baada ya sikukuu ya Mapinduzi, na yalianza kwa kitu kidogo ambacho mtu mwengine angekipita bila kukiona. Rukaiya hakukipita. Rukaiya alikuwa mtu wa kurudi nyumbani kutoka nusu ya njia kuhakikisha kuwa hakuiacha pasi kwenye umeme, kisha akarudi tena kuhakikisha kuwa alipokwenda kuitazama pasi hakuuacha mlango wazi.

Afisi yao ilikuwa juu, ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe, na watu wake walikuwa watatu tu: Bwana Azim mwenye afisi, Tabia, na yeye. Kazi yao ilikuwa kuhamisha sauti za zamani kwenye kompyuta. Marehemu Mabrouk alizunguka Unguja miaka mingi na mashine ya kurikodia begani, na alipofariki watoto wake wakaleta makasha ya mikanda yake. Walitaka kuja kuisikiliza Jumatatu inayofuata, na Bwana Azim alishawaahidi chai na sambusa. Tabia ndiye aliyeicheza mikanda na kuiingiza kwenye kompyuta. Rukaiya ndiye aliyesafisha zile kelele za kukwaruza, ili sauti za watu zitoke kama walikuwa wamekaa chumba cha pili.

Kusafisha mkanda mmoja kulichukua saa nyingi, na hapo ndipo ilipokuwa kero. Ukiianza kazi katika lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kisha dirisha likafungwa, au mtandao ukakatika, au laptopu ikaishiwa chaji, kazi hufa papo hapo na mchana wako wote umekwenda na maji. Rukaiya alishapoteza michana ya kutosha. Kwa hivyo akaandika skripti, yaani amri kadhaa ambazo kompyuta huzifuata yenyewe. Skripti ile ilifungua vyumba vinne ndani ya seva, ile kompyuta kubwa iliyokuwa stoo, nyuma ya pazia, kila kimoja na jina lake: taarabu, hotuba, hadithi, ngoma. Iliweka kazi ndani ya kila chumba, ikaiwasha, ikatoka na kurudishia mlango. Ndani hamkuwa na mtu, na kazi iliendelea. Yeye aliweza kwenda zake kwao Jang'ombe, akala, akalala. Akitaka kuchungulia, anaingia chumba anachokitaka, anatazama, anatoka, na kazi haina habari naye.

Tena akaongeza mistari miwili ambayo alijivunia. Wa kwanza ulisema: chumba kikifa, kifunguliwe tena na kazi ianze tangu mwanzo. Wa pili ulitokana na udhia wa programu yenyewe ya kusafishia sauti, ambayo haikuweza kukaa kimya. Faili lipo, niandike juu yake? Nafasi imepungua, niendelee? Na kwa kuwa chumbani hamna mtu wa kuijibu, Rukaiya aliandika hivi: kila swali, jibu ni ndiyo.

Sasa Jumanne ile, ametoka kula, vidole bado vina harufu ya ndimu, akaita orodha ya vyumba vyake. Mbele ya kila chumba seva huonesha kama kuna aliyeingia. Taarabu: hakuna mtu. Hotuba: hakuna mtu. Hadithi: hakuna mtu. Ngoma: kuna mtu ndani.

Akaita tena. Kuna mtu ndani.

"Tabia," alisema, "umegusa seva?"

"Mie? Seva yako siigusi hata kivuli. Juzi nimeegemea meza tu ukanitazama kama nimeegemea kaburi la babu yako."

"Kuna mtu kaingia chumba cha ngoma."

"Mtoe."

"Hakuna mwenye neno la siri ila mimi."

"Basi ni wewe, shoga. Jitoe."

Rukaiya aligeukia kibodi. Akabadilisha neno la siri. Kuna mtu ndani. Akauchomoa waya wa mtandao, kwa hivyo sasa hakuna mtu duniani aliyeweza kuingia isipokuwa kwa kibodi iliyokuwa mbele yake. Kuna mtu ndani. Akakiua chumba, na skripti, kama alivyoifundisha, ikakifungua tena. Na kabla hajaondoa kidole, kuna mtu ndani. Akaiua skripti kwanza, kisha chumba. Vyumba vikabaki vitatu. Akapumua. Akaita orodha mara ya mwisho, kwa ajili ya moyo wake tu, na chumba cha nne kilikuwa pale pale.

"Zima, washa," alisema Bwana Azim kutoka mlangoni, simu sikioni. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu. Hata mkewe alipougua homa, alisema Tabia, alimshauri hivyo hivyo.

Wakazima. Wakawasha, na skripti ikaamka pamoja na seva. Kuna mtu ndani. Rukaiya alitamani kuitupa seva dirishani, na hasira ile ilimsaidia, maana mtu mwenye hasira hajiulizi kwa nini stoo ya ghorofa ya pili, yenye mlango mmoja na isiyo na dirisha, inanuka mwani uliooza.

*

Jumatano alikuja mapema, shingo imemkaa vibaya, kama mtu aliyebeba mtoto mkubwa mabegani safari nzima. Akasema ni mto. Akasema hitilafu lazima iwe na sababu, na sababu lazima iwe kwenye mkanda wenyewe, maana vyumba vyengine vitatu vilikwenda vizuri, ila hiki cha ngoma hakikuwahi kumaliza: kila kazi ikifika pahala pale pale, ilikufa na kuanza upya, tangu wiki iliyopita, mchana na usiku.

Akavaa vifaa vya masikioni, akasikiliza.

Kwanza sauti ya Marehemu Mabrouk mwenyewe, ya kujisikia, akitangaza kuwa yupo Mkokotoni na muimbaji ni Bi Hija. Kisha ngoma. Kisha sauti ya mwanamke, kijana bado, ikiita. Haikuimba hasa, ikiita, kama mtu anavyomwita mwenzake kutoka ng'ambo ya maji, na kila ikiita ngoma zinasogea. Halafu kilio. Si cha uchungu. Kilio cha mtu anayevuliwa kitu taratibu. Watu wakanong'ona. Na mwanamume mmoja akasema kwa upole: "Mize. Mize binti Mkadam, kaa vizuri, umpokee mgeni." Kimya. "Karibu. Umetupata. Tuambie, jina lako nani?"

Na hapo mkanda ulikatika.

Rukaiya alivua vifaa vya masikioni akaviweka mezani kwa utaratibu, waya umekunjwa vizuri. Mize binti Mkadam alikuwa bibi yake, mzaa mama. Alikufa kabla Rukaiya hajaanza kusema, na mama yake hakumzungumza. Ukimuuliza, anakumbuka kuwa kuna kitu jikoni.

Ulipofika wakati wa adhuhuri, maduka yamefungwa kwa sala na chakula, umeme ukakatika. Mtaa mzima ulizima. Feni zikapunguza mwendo mpaka zikasimama, jenereta moja ikanguruma upande wa Mlandege, ikakohoa, ikafa. Betri ya akiba ya seva ililia kidogo na yenyewe ikanyamaza. Tabia alikuwa amekwenda kusali. Rukaiya akabaki peke yake katika joto lile la kaskazi, na kwa mara ya kwanza tangu jana alifurahi, kwa sababu sasa, kwa hakika kabisa, hakuna kitu kinachofanya kazi.

Kisha akasikia ngoma.

Mwanzo alidhani ni moyo wake, halafu akadhani ni harusi mtaa wa pili, halafu akakumbuka kuwa hakuna harusi inayopigwa wakati wa sala, na akainuka, hakujua kwa nini anainuka, akaufuata ule mdundo uliokuwa chini kwa chini kama unapigwa ndani ya mtungi, akapita meza ya Tabia, akapita makasha ya mikanda, mpaka akafika mlango wa stoo, na akasimama pale mkono u hewani bila kuugusa mlango, akisikia upande wa pili, katika chumba kilichojaa mashine zilizokufa, yule mwanamke kijana akiita, na kila akiita kitu kizito kinasogea sakafuni, kinakuja, na harufu ya mwani na ubani inatoka chini ya mlango na kumpanda miguuni kama maji ya kujaa.

Umeme ukarudi. Feni zikaanza kuzunguka. Tabia akapanda ngazi akilalamika kuhusu jua.

"Mbona umesimama hapo kama umepigwa picha?"

"Nnatafuta... nnatafuta waya," alisema Rukaiya.

*

Alhamisi Tabia alikuja na mfuko kutoka Mlandege: utepe, hina, na chupa kubwa ya marashi ya mawaridi kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Akauweka chini ya meza. Baada ya chakula cha mchana akauinua, akaona umepungua uzito.

"Rukaiya. Marashi yangu yako wapi?"

Rukaiya aliinua kichwa. Alikuwa amesinzia kidogo juu ya meza, hivyo alivyodhani. Chupa ilikuwa mbele yake, tupu, kifuniko kimewekwa kando kwa utaratibu, kama anavyoviweka vitu yeye.

Tabia alimsogelea, akainama kumnusa, na utani wote ukamtoka usoni. "Umeyanywa," alinong'ona. "Shoga, umeyanywa yote. Mdomo wako unanuka waridi mpaka kooni."

"Sikumbuki."

"Uchungu huna? Tumbo?"

"Nna kiu," alisema Rukaiya, na macho yakamjaa machozi, ya hofu na ya ghadhabu pia, kwa sababu alisoma miaka minne chuo kikuu, alikuwa na cheti kimetiwa fremu sebuleni kwa mama yake, na hakuna somo hata moja lililomfundisha cha kufanya hapa.

Kilichobaki ndicho alichokuwa akikikwepa tangu Jumanne: kuingia chumba chenyewe. Tabia alimshika bega. Rukaiya akaandika amri, akaingia.

Hakukuta kazi ya kusafisha sauti. Alikuta maandishi, na akapanda nayo juu, juu zaidi, mpaka yalikoanzia.

Hodi.
ndiyo
Hodi hapa.
ndiyo
Nimeitwa. Niingie?
ndiyo
Kiti changu bado ni Mize?
ndiyo
Simuoni. Kafa?
ndiyo
Kaacha mtu?
ndiyo
Yu karibu?
ndiyo
Nimkalie yeye?
ndiyo

Tabia alisoma kwa kutikisa midomo. Alipomaliza, alisema kwa sauti ndogo, "Hayo ya ndiyo ndiyo, nani kayajibu?"

"Skripti."

"Nani kaiambia?"

Rukaiya akateremsha maandishi. Chini kabisa ya ukurasa alama ya kuandikia ilikuwa ikiwakawaka, na mbele yao, herufi moja moja, kama mtu asiyezoea kibodi, mstari mpya ulitokea.

Leo umeingia mwenyewe?

Na skripti, haraka, kwa adabu, kama ilivyofundishwa:

ndiyo

*

Walikwenda Mkokotoni kwa Vespa ya Tabia, mchana ule ule, bila kumuaga Bwana Azim. Jina la muimbaji walilisikia kwenye mkanda, na sokoni hawakupata tabu: Bi Hija ndiye mwenye duka la ndoo na mabeseni, nyuma ya wauza samaki. Walimkuta mama mtu mzima, mfupi, miwani kwenye utosi, anabishana na mteja kuhusu beseni lenye ufa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ndoo au beseni?"

Rukaiya akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kuanzia na seva, akarudi nyuma, akaanza tena na mkanda. Bi Hija alisikiliza huku anapanga vifuniko. Alipotajiwa Mabrouk alisonya. Alipotajiwa Mize aliacha vifuniko, akaishusha miwani machoni na kumtazama Rukaiya usoni, kwa muda mrefu.

"Wewe ni wa Maryam," alisema. "Yule mdogo. Mama yako alikuhamishia mjini hujaachishwa hata ziwa. Ulidhani kwa nini? Alikuwa hataki uitwe."

"Hakunambia kitu."

"Alifanya vyema. Wewe umejiita." Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Yule Mabrouk tulimwambia, ngoma hii hairikodiwi nusu. Ukichukua mwito, chukua na kuaga. Akasema mkanda una nafasi. Mkanda ukamwishia. Sisi tuliendelea, mgeni akaja, akapewa chake, akaagwa, akenda zake, na Mize, aliyekuwa kiti chake cha kukalia, akaishi. Lakini yeye alibaki na mwito peke yake. Sasa weye msomi, umeupiga mwito mchana na usiku, katika chumba kisicho na mtu. Hakuna wa kumpokea. Hakuna wa kumpa hata maji. Na mlangoni umemwekea kitu cha kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hata paka humnusa mgeni kabla hajamsogelea!"

Tabia aliangua kicheko cha woga, akajiziba mdomo.

"Nikiivunja ile mashine?" aliuliza Rukaiya.

"Ahadi haikai kwenye mashine. Kasema ndiyo nani? Weye ndiye uliyesema, ila hukuwepo." Mteja aliuliza bei ya jagi, Bi Hija akampungia mkono asubiri. "Nisikilize, mwanangu. Rudi, ukae naye. Kwa makalio yako mwenyewe juu ya kiti. Atakuuliza, mkatalie. Ataomba hiki, mkatalie. Ataomba kile, mkatalie, kwa adabu. Atakawia makusudi. Wao hawana haraka, wenye haraka ni sisi. Lakini kuna moja la kukubali: akiomba ruhusa ya kwenda zake. Hapo useme ndiyo, na umtakie njia njema. Hiyo haombi mara mbili."

"Nitaijuaje?"

"Utaijua kama upo. Ndiyo maana nnakwambia ukae."

"Bi Hija, twende sote, nakuomba," alisema Tabia. "Nitakupakia nyuma, nitakwenda polepole."

"Nnapanda ngazi zenu kwa goti lipi?" Alimtia Rukaiya kifurushi cha ubani mkononi, akamfunga vidole juu yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Na sipendi anisikie sauti. Mie ndiye niliyemwita mara ya kwanza."

*

Ijumaa, baada ya sala, Rukaiya aliufuta mstari wa ndiyo. Akaweka ubani kwenye kisosi, akavuta kiti, akaingia chumbani na kukaa.

Nikae?

"Hapana," aliandika, kwa vidole vyake.

Muda mrefu ulipita. Tabia alikaa nyuma yake, anavuta uradi kimya kimya. Ubani uliungua ukawa majivu.

Nipe nguo nyeupe.

"Hapana."

Bibi yako alinipa.

Hilo halikuwa swali. Rukaiya hakulijibu, na kutolijibu kulimtoa jasho. Baina ya maneno na maneno palikuwa na kimya kirefu, na ndani ya kimya kile shingo yake ilizidi kuwa nzito, na wakati mwengine alihisi nywele zake zinasukwa nyuma, polepole, na mtu mwenye vidole vilivyolowa.

Ilipofika alasiri simu ya Tabia ililia. Ndugu zake wanamsubiri na hina. "Nnakwenda na kurudi," alisema. "Wallahi nnarudi. Usitoke hapo." Akashuka ngazi mbio.

Nipe marashi.

"Hapana." Kiu ya jana ilimrudia alipoandika.

Jua likateremka. Sauti za watalii na wauza vinyago zikapungua vichochoroni. Ikabaki harufu ile, na kupumua. Kupumua ambako alikuhesabu kuwa ni kwake, mpaka alipoziba pumzi makusudi ili ahakikishe, kwa maana alikuwa mtu wa kuhakikisha, na kupumua kule kukaendelea bila yeye, taratibu, karibu na sikio la kushoto, kama mtu mzima anayesoma kwa juu ya bega la mtoto.

"Rukaiya!"

Aliruka. Bwana Azim alikuwa mlangoni na bunda la funguo. "Nafunga. Magharibi hii inaadhiniwa. Na huu moshi wa nini? Unataka kuniunguzia nyumba?"

"Kidogo tu, Bwana Azim. Niachie funguo."

"Mara ya mwisho nilipomwachia mtu funguo nilikuja kukuta mbuzi ghorofani. Kazi yako si inakwenda yenyewe? Ndivyo ulivyonambia. Unaiacha, unakwenda nyumbani. Ulinieleza nusu saa nzima, mpaka chai ikapoa."

Ni kweli, alimweleza. Rukaiya alitazama kioo. Alama ya kuandikia iliwakawaka, haikuuliza kitu. Angeweza kuendelea kutoka nyumbani, lakini mtandao wa Jang'ombe ulikuwa ukikatika kila dakika, na kusema kweli, hakuweza hata kulifikiria: kukaa naye chumbani kwake mwenyewe, taa zimezimwa, mama amelala. Alichoka. Shingo ilimuuma. Siku nne alikuwa akipigana na kitu ambacho hakikumpa hata kosa moja la kurekebisha, na hapa palikuwa na njia safi, ya mstari mmoja, ambayo vidole vyake viliijua kabla yeye hajaamua.

Mpaka asubuhi tu, alijiambia. Kila swali, jibu ni hapana. Asubuhi nitakaa mimi.

Akaandika mstari. Akaujaribu. Ukafanya kazi. Akatoka chumbani, akarudishia mlango, na Bwana Azim akazima taa.

Usiku ule alilala kama jiwe. Tabia alimpigia simu mara nyingi, hakuisikia hata moja.

*

Jumamosi asubuhi alimtangulia hata Bwana Azim; aliungoja mlango barazani. Shingo ilikuwa nyepesi. Tabia alifika na hina mikononi, hasira na furaha pamoja: "Nimerudi jana nikakuta kufuli! Nimekuita dirishani kama mwehu!"

"Yameisha," alisema Rukaiya. "Nadhani yameisha. Sisikii harufu."

Wakapanda. Akaita orodha. Taarabu: hakuna mtu. Hotuba: hakuna mtu. Hadithi: hakuna mtu. Ngoma: hakuna mtu.

"Alhamdulillahi," alisema Tabia, akakaa chini sakafuni.

Rukaiya aliingia chumbani ili ahakikishe. Kila mstari ulikuwa na saa yake pembeni. Wa kwanza baada ya yeye kuondoka uliandikwa mara tu taa zilipozimwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado yumo ngazini.

Bi mdogo, upo?
hapana
Umekwenda ukaniacha tena?
hapana
Hunipi nguo?
hapana
Hunipi marashi?
hapana
Basi nimechoka nami. Kwetu mbali. Naomba ruhusa, niende zangu?
hapana

Chini ya hapo palikuwa na mstari mmoja, ambao haukuuliza kitu, na kwa hivyo haukujibiwa.

Haya. Nakaa.

Rukaiya alisoma mara moja tu. Aliifuta skripti, yote, mistari ile mizuri na ile mingine. Tabia alimuuliza kuna nini, naye akamwambia angoje. Alishuka, akenda kwa miguu hadi Mlandege, akanunua chupa ya marashi ya mawaridi, akarudi, akayamimina kwenye kikombe chake cha chai na kukiweka karibu na kibodi. Akavuta kiti, akakaa vizuri, mgongo umenyooka. Kisha akaandika, kwa vidole vyake mwenyewe, neno ambalo mtu yeyote angelisema mwanzo kabisa, kama pangekuwa na mtu.

"Shikamoo."

Alama ya kuandikia iliwakawaka. Hakuna kilichoandikwa. Alingoja.

"Marahaba," ilisema sauti, nzito, taratibu, ya mtu mzima aliyetoka mbali.

Rukaiya aligeuka kutazama ilikotoka. Tabia alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, mikono ya hina usoni, na macho yake hayakutazama seva, wala mlango wa stoo. Yaliutazama mdomo wa Rukaiya.

Rukaiya akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa mpaka chini.